Uliza Tukujibu: Mtaa hauna shilingi, lakini mikono ipo

Mwezi uliopita niligusia kidogo hapa habari ya watu wanaoendesha uchumi wao kwa kuchangiana, yaani unachopata kinatokana na ulichowafanyia wenzako na sio ukubwa wa mtaji wako, nikasema mwenye swali alete. Yamekuja mengi jamani. Nimechukua manne, na la kwanza nimelipa nafasi kubwa kwa sababu najua sio la huyu dada peke yake.

SWALI: Salaam aleikum dada. Mimi ni fundi cherehani niko Likoni. Hapa kwetu tuko wanawake kama ishirini hivi kila mtu na kibiashara chake, kuna wa mboga, wa mahamri, wa samaki wa kukaanga, msusi, na kuna kijana wa maji ya mkokoteni. Ikifika tarehe kumi na tano hivi pesa zinapotea mtaani kabisa, cherehani yangu imekaa, msusi amekaa, mboga zinanyauka, na kila mtu anahitaji kitu cha mwenziwe. Mikopo ya simu imetumaliza. Kuna mtu ameniambia zamani pale Bangladesh walitengeneza pesa yao wenyewe, mwingine akasema walishikwa na polisi. Ni kweli? Na sisi tukifanya tutafungwa?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Yote mawili ni kweli, walitengeneza na walishikwa, lakini hadithi haikuishia polisi. Ngoja nianze na hiyo hali yako maana umeieleza vizuri sana.

Chukua hivi, wewe unamdai msusi mia mbili za kushona, msusi anamdai mama mboga mia mbili za kusuka, na mama mboga naye anakudai wewe mia mbili za mboga za wiki nzima. Wote watatu mnadai, wote watatu mnadaiwa, na hakuna hata mmoja mwenye mia mbili mkononi, basi mnaanza kukwepana njiani, urafiki unaharibika hivi hivi. Sasa itokee noti moja ya mia mbili, iingie kwako, wewe umpe mama mboga, mama mboga ampe msusi, msusi akurudishie wewe. Madeni matatu yameisha na noti bado ni ileile moja, imerudi ilikotoka. Haikuongeza kitu mtaani, nguo ilikuwa imeshashonwa, nywele zimeshasukwa, mboga zimeshaliwa. Mlichokosa ni kitu cha kuhesabia tu! Hapo ndo mimi huwa naumia, kwa sababu watu wanaambiwa ni maskini kumbe kazi wanaijua, bidhaa wanazo, na wateja ni wao kwa wao.

Watu wa Bangladesh (naongelea kile kijiji cha mabati upande wa Mikindani hapa Mombasa, sio ile nchi) waliliona hilo mwaka 2013. Mwezi wa tano wakatoa vocha za karatasi wakaziita Bangla-Pesa, walikuwa na Mmarekani mmoja Will Ruddick aliyekuwa akifanya kazi hizi huku Pwani. Mwenye biashara akitaka kuingia lazima wenzake wamdhamini, halafu anapewa vocha kiasi, na hiyo sio loni, haina riba, ni ahadi kwamba na wewe ukiletewa vocha utaipokea kwa bidhaa yako. Kwa hiyo nyuma ya ile karatasi hakukuwa na benki wala dhahabu, kulikuwa na mandazi, maji, kunyoa, kushona.

Hata mwezi haukuisha. Polisi wakaja, watu sita wakashikwa akiwemo huyo Ruddick, wakashtakiwa mambo ya kughushi, na unakumbuka enzi zile "Pwani si Kenya" ilikuwa imepamba moto, basi ikavumishwa kwamba hii ni pesa ya MRC, kile kikundi kilichotaka Pwani ijitenge na Kenya. Watu wa vibanda wanapanda kizimbani kwa sababu walitaka kubadilishana mboga na maji. Kesi ikaja kuondolewa na mkurugenzi wa mashtaka mwezi wa nane mwaka huohuo, na mwezi wa kumi na moja vocha zikarudi mtaani mchana kweupe. Baadae Kawangware wakawa na Gatina-Pesa, Kibera wakawa na yao, mpaka ikahamia kwenye simu, hata kile kisimu cha kubonyeza, ikaitwa Sarafu. Wakati wa korona Msalaba Mwekundu wa Kenya wakaishika mkono kule Mukuru, Nairobi, na ukiangalia hesabu za kuanzia Januari 2020 mpaka Juni 2021 ni watu kama 40,000 walioitumia. Mpaka Kinango huko Kwale.

Kinango nina sababu ya kuitaja. Bibi yangu mzaa mama ni wa huko na alikuwa akitusimulia habari ya mweria, leo tunalima kwako kesho kwangu kesho kutwa kwa fulani, mwenye shamba anatoa chakula, hakuna anayelipwa hata senti lakini kila mtu anajua ni zamu ya nani na nani hajaonekana mara mbili. Wewe wa Likoni unajua kula kikoa, ni jambo hilohilo. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kwa hiyo mtu akikwambia haya ni mambo ya wazungu yameletwa na kompyuta mwambie hapana, kompyuta imekuja kuandika tu kile bibi zetu walikuwa wanakiweka kichwani.

Sasa nyinyi. Msianze na karatasi, na tafadhali msichapishe kitu chochote kinachofanana na shilingi wala kukiita pesa. Anzeni na daftari. Kila mtu anaanza sifuri, ukimshonea msusi nguo ya mia mbili wewe unaandikiwa mia mbili mbele na yeye mia mbili nyuma, wewe ukichukua samaki wa mia na hamsini unarudi mpaka hamsini na mwenye samaki anapanda. Ukijumlisha wote ishirini jibu lazima litoke sifuri siku zote, lisipotoka kuna mtu amekosea kuandika, tafuteni siku hiyohiyo. Na wekeni mpaka wa kurudi nyuma, labda elfu moja, mtu akifika hapo anaacha kuchukua anaanza kutoa. Kuna wafanyabiashara wa Uswisi walianza jambo la namna hii mwaka 1934 wakati wa ile dunia nzima imekwama kiuchumi, wanaita WIR, na mpaka leo ipo, imekuwa benki kabisa. Hao ni matajiri wa leo, walianza kwa sababu kama yako, bidhaa ipo mnunuzi hana hela.

Shida zipo na nitakuficha nikinyamaza. Daftari halilipi kodi ya nyumba wala stima, na unga wa mahamri unatoka kwa mtu wa jumla ambaye anataka shilingi zake. Kwa hiyo wengi hupokea nusu kwa nusu, mahamri ya mia, hamsini shilingi hamsini daftari, ili ile hela ya kununulia unga isipotee. Na anayeumia wa kwanza siku zote ni mwenye duka, kila mtu anakimbilia kwake kwa sababu ana sukari na sabuni, yeye anajaza daftari mbele elfu nne elfu tano na hana pa kuzitumia maana mali yake yote anaitoa nje. Akikasirika akatoka, na kikundi kimekufa. Kabla hamjamuingiza kaeni naye mumuulize kwa wiki ananunua nini hapa mtaani, maji? chakula cha mchana? sare za watoto? basi apokee kwa kiasi hicho tu asizidishe.

Kuhusu kufungwa, mimi sio wakili, lakini kikundi chenu kisajilini kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, muwe na katiba na orodha ya wanachama, na chifu ajue mapema kutoka kwenu na sio kwa majirani. Wale wa Bangladesh wamewasafishia njia, msiipite usiku.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, kwetu Songea. Mwalimu wetu anafundisha kwamba ujamaa ulifeli kwa sababu watu wakigawana sawa wanakuwa wavivu. Babu yangu anakataa kabisa, anasema huku kwetu ulikuwepo kabla ya serikali na ulikuwa unafanya kazi mpaka ulipozuiwa. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Babu yako. Na kama anaweza bado kuongea vizuri chukua simu umrekodi leo, usingoje likizo, kwa sababu hayo aliyonayo kichwani yameandikwa kidogo sana.

Anachokisema ni Litowa. Mwanzoni mwa miaka ya 60 vijana wa TANU Youth League, kiongozi wao Ntimbanjayo Millinga, walienda porini huko wakaanzisha kijiji cha kulima pamoja, mwanzo ukawa mgumu, wengine wakakimbia, waliobaki wakakaza. Vijiji vya jirani vikaona vikaiga, wakaungana wakaunda Ruvuma Development Association, na mpaka 1969 vilikuwa vimefika kama 17. Walikuwa na mashine yao ya kusaga, mashine ya mbao, na shule yao Litowa ambayo watoto walikuwa wanasoma na kulima na kukaa kwenye mikutano ya kijiji. Hakuna aliyewalazimisha kuingia, na mambo yao wanaamua wenyewe wamekaa chini, nani alime wapi, mavuno yaende wapi, nani ameleta uzembe. Mwalimu Nyerere aliwapenda sana, ukisoma mambo ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 unaiona Litowa mle ndani hata kama haijatajwa.

Sasa angalia kilichotokea. Azimio la Arusha linatoka Februari 1967, nchi nzima inaambiwa ujamaa ndo njia, halafu Septemba 1969 kamati kuu ya TANU inavunja kile chama cha Ruvuma, mali zao zinachukuliwa, na waliokuwa wanawasaidia wanaondolewa. Viongozi wa mkoa na wa chama walikuwa hawapendi vijiji vinavyojiamulia bila kuwauliza. Nikifika hapo huwa nasikia uchungu mpaka leo na mimi wala sikuwepo, kwa sababu waliovunjwa ni walewale walioweza. Mwaka 1973 ikaja sasa amri, kuishi kwenye vijiji sio hiari tena, Operesheni Vijiji, watu wakapakiwa kwenye malori wakashushwa mahali hata maji hamna, nyumba nyingine zikachomwa ili wasirudi. Ushirika nao, hata vyama vya zamani kama KNCU ya wakulima wa kahawa Kilimanjaro iliyosajiliwa tangu 1933, vikafutwa mwaka 1976 vikaja kuruhusiwa tena na sheria ya 1982.

Kwa hiyo mwalimu wako akisema vijiji vya amri vilifeli yuko sawa, ila uvivu ndo namkatalia. Mtu aliyeshushwa na lori akaambiwa lima shamba la kijiji halafu hesabu ya mavuno haioni inakwenda wapi, huyo akikaa chini sio mvivu, anafanya hesabu yake. Na huku kwetu mtu wa kuchangiwa bila kuchangia hatujawahi kumlea, Nyerere mwenyewe kwenye maandiko yake ya 1962 alikumbusha ile mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lile linatolewa na mwenyeji anayekujua kwa jina na atakayekula na wewe jioni. Likitolewa na afisa mwenye daftari la wilaya linakuwa jembe jingine kabisa. Mwambie mwalimu kwa adabu, na kwenye mtihani andika vyote viwili.

SWALI: Habari dada, niko Tabata, nafanya kazi dukani kwa watu. Mama yangu yuko Korogwe ana kisukari na miguu, dada yangu aliyekuwa anamuangalia ameolewa. Pesa ya kumlipa mtu sina. Nimesikia Japani watu wanaweka akiba ya masaa badala ya pesa, hiyo ikoje na inawezekana kwetu?

JIBU: Pole sana kwa mama dadangu, na pole na wewe, kuuguza kwa mbali kunachosha kuliko watu wanavyojua.

Ipo kweli. Mama mmoja wa Osaka, Teruko Mizushima, alianzisha mwaka 1973 benki ya kazi, wanawake wengi, unamsaidia mwenzako saa moja unaandikiwa saa moja, na ukija kuwa na shida wewe, au ukizeeka, unazichukua. Marekani akaja mwanasheria Edgar Cahn miaka ya 80 na jambo hilohilo, na yeye aliweka msimamo ambao mimi naupenda mno, kwamba saa ni saa, saa ya wakili na saa ya mtu anayepika uji zinaandikwa sawa. Halafu miaka ya 90 Japani wakawa na kitu wanaita fureai kippu, na hiki ndo kinakuhusu, mtu anayekaa Tokyo anamhudumia mzee wa jirani yake pale Tokyo, yale masaa yanahamia kwa mama yake aliyeko kijijini anahudumiwa na mtu wa huko. Soma tena hiyo sentensi ufikirie Tabata na Korogwe.

Kwetu huna haja ya kusubiri shirika. Kwa uhakika hapo Tabata kuna mtu ana mzazi Korogwe au Muheza ama Mombo, na kuna watu wa Korogwe ambao ndugu yao amelazwa Muhimbili na hana wa kumpelekea chai. Wewe jioni unapeleka chai na kubadilisha shuka hospitalini, shangazi wa mgonjwa anaenda kumuosha mama yako miguu na kumpa dawa. Anza na familia mbili tu, tatu zikizidi. Muulizie kwenye kundi la watu wa Korogwe mlioko Dar, msikitini au kanisani, kwenye kikundi cha mazishi, hao watu wanajuana mpaka ukoo. Kila Jumapili mnaandikiana, wiki hii nimetoa masaa manne nimepokea sita.

Kitu kinachoua hizi benki sana sana ni aibu. Watu wengi wanatoa vizuri kabisa halafu kuomba wanashindwa, wanaona watakuwa mzigo, masaa yanajaa kwenye daftari hakuna anayeyatumia na mwisho wake kila mtu anaona haina maana. Kwa hiyo wewe uwe wa kwanza kuomba. Usianze kwa kujitolea ili uonekane mzuri, anza kwa kusema mama yangu anahitaji mtu Jumanne na Ijumaa. Na dawa za sukari, zile zisikae mikononi mwa mtu unayemjua wiki moja, yule wa kwanza awe ndugu au jirani wa miaka.

SWALI: Mimi ni mfanyabiashara Nakuru, nina karakana ya kuchomelea vyuma na vijana nane. Nikisoma haya mnayoandika naona ni ndoto. Bila faida nani ataamka saa kumi na moja asubuhi? Nionyeshe kiwanda kimoja kikubwa kinachoendeshwa hivyo.

JIBU: Asante ndugu yangu kwa kuuliza wazi. Nenda Mondragon, kaskazini mwa Uhispania, nchi ya Wabasque. Mwaka 1956 vijana watano waliosomeshwa na padri wa hapo, José María Arizmendiarrieta, walianzisha kiwanda cha majiko ya mafuta ya taa, ukitaka kuwa mwanachama unaleta mtaji wa kuingilia na unapata kura moja, mkubwa kura moja mdogo kura moja. Leo ni mkusanyiko wa vyama vya ushirika wenye wafanyakazi zaidi ya 70,000, wana benki yao, wana chuo kikuu, na mshahara wa juu kabisa kwa kawaida hauzidi mara sita hivi ya ule wa chini. Wanaamka asubuhi na mapema kabisa.

Na ziada wanaitafuta kweli kweli, hapo ndo watu wengi mnatuelewa vibaya. Duka la wafumaji wa Rochdale kule Uingereza mwaka 1844 lilikuwa na ziada pia, tofauti ni kwamba ilirudi kwa mtu kulingana na alivyonunua pale dukani. Swali ni ziada inaenda kwa nani na nani anaamua. Na sio kwamba wao hawaanguki, Fagor, kampuni ya majokofu na mashine za kufulia ambayo ndo iliyotokana na kile kiwanda cha kwanza, ilifilisika mwaka 2013 baada ya soko la nyumba la Uhispania kuporomoka. Wanachama waliumia, hela zao za mtaji zilikwenda na maji. Ila wengi wao walichukuliwa na vyama vingine vya humohumo Mondragon, hawakuachwa barabarani, na hilo kwenye kampuni ya kawaida ikifilisika huwa silioni.

Sikwambii ugawe karakana yako kesho. Wale vijana nane waonyeshe tu hesabu za mwaka jana, vyuma vilikula ngapi, stima ngapi, kodi ngapi, wewe ulichukua ngapi na kilichobaki ngapi. Halafu yule anayekuja mapema kufungua na yule aliyekuletea yule mteja wa mageti makubwa, waulizeni wenyewe wanaona kilichobaki kigawiwe vipi. Ukishafanya kikao hicho niandikie walisema nini, nitakichapisha hapa bila jina la karakana.